Nguvu bila pumzi haivuki Lualaba

Hapa Nyangwe mtumbwi hauvuki Lualaba kwa mikono peke yake. Mtazame mpiga kafi aliyezoea, yule anayesimama kwenye mtumbwi huku mto unamvuta. Kafi inapoingia majini, mwili unainama na pumzi inatoka, mara nyingi na sauti yake: hah! Kafi inapotoka majini kwenda mbele, kifua kinafunguka na pumzi inaingia. Kijana ambaye hajazoea anafanya kinyume. Anabana pumzi, anakaza meno, anavuta kwa mabega. Kabla ya kufika katikati mikono imeshakufa, na maji yanaanza kumshusha. Si kwamba hana nguvu. Pengine misuli yake inapita ya mzee. Ila nguvu yake na pumzi yake hazijajuana.

Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu wasomaji wetu wengi wanakula kwa mwili wao. Tunawaza wachimbaji wa dhahabu wa Kabambare, upande wa Namoya na Salamabila. Tunawaza wale wa Kasongo, vijana wanaobeba magunia kutoka karie mpaka mtoni, wamama wanaotwanga mawe toka asubuhi. Watu wawili wanaweza kuwa na nguvu sawa, wakafanya kazi moja, lakini jioni mmoja anatembea vizuri na mwingine mgongo umekatika. Sababu ni nyingi: chakula, usingizi, malaria, umri. Lakini kati ya hizo kuna moja ambayo mtu anaweza kuibadilisha bila kutoa hata franka: namna anavyopumua wakati mwili unahama kutoka tendo moja kwenda tendo lingine.

Mwili unaumia pale unapohama

Fikiri kidogo juu ya gunia la mchanga. Likiwa chini, halimuumizi mtu. Likiwa limeshakaa begani, unaweza kutembea nalo. Hatari iko katikati: pale unapoinama kulishika, unapolivuta kuja kifuani, unapoligeuza kwenda begani, tena unapolitua. Shimoni vilevile. Ukiwa umekaa chini kabisa unapiga nyundo, mwili umeshapata namna yake. Ni pale unapotoka kwenye kuchuchumaa kwenda kusimama, ama unapoacha ngazi ya miti na kushika kamba, ndipo goti linasema au kizunguzungu kinakuja.

Iko elimu moja ya mwili ambayo imefanya hiyo «katikati» kuwa somo lake kubwa. Ni yoga. Tunajua wengi wakisikia neno hilo wanafikiri mtu aliyekaa ameviringisha miguu na kufumba macho. Hiyo ipo. Lakini ipo tena yoga ya kutembea na mwili, inayoitwa vinyasa, na yenyewe ni kazi ya jasho kabisa.

Aina hiyo ilienea kutoka mji wa Mysore, kusini mwa India. Katika miaka ya 1930, mwalimu aliyeitwa Krishnamacharya alikuwa anafundisha vijana pale. Mwanafunzi wake mmoja, Pattabhi Jois, aliyezaliwa mwaka 1915 na kufariki mwaka 2009, aliendelea na somo hilo mpaka watu wa Ulaya na Marekani wakaja kujifunza kwake. Sheria yao ni fupi: tendo moja, pumzi moja. Mfululizo wao wa mwanzo, ule wa kusalimia jua, wanauhesabu kwa matendo tisa. Mikono inapanda, pumzi inaingia. Mwili unainama, pumzi inatoka. Kifua kinanyanyuka nusu, pumzi inaingia. Miguu inarudi nyuma na mwili unashuka karibu na ardhi, pumzi inatoka. Inaendelea hivyo mpaka mtu amesimama tena. Pumzi haimfuati mwili mbio-mbio kama mtoto anayemkimbilia mama yake sokoni. Pumzi ndiyo inatangulia kidogo, mwili unaifuata, na vyote viwili vinamaliza pamoja.

Na elimu hii haiko mbali na sisi tena. Nairobi, nchini Kenya, kuna shirika linaloitwa Africa Yoga Project, lililoanzishwa mwaka 2007 na Mmarekani Paige Elenson. Kazi yake imekuwa kuwafundisha vijana wa mitaa ya watu maskini wawe walimu wa yoga hiyo ya vinyasa, wapate mkate wao nayo, na wao wafundishe wengine mitaani. Kwa hiyo hatusemi juu ya mchezo wa matajiri tu. Kinachohitajika ni mkeka na mahali pakavu.

Mtu atauliza: hii si dini ya watu wengine? Yoga ilitoka katika dini na falsafa za India, hatufichi. Lakini kufunga pumzi na tendo pamoja si mali ya dini moja wala ya nchi moja. Ndugu zetu Waislamu, ambao Kasongo ni wengi tangu karne ya 19, wanajua kwamba katika swala mtu anapohama kutoka kusimama kwenda kurukuu, na kutoka hapo kwenda kusujudu, kuna takbira inayosindikiza kule kuhama. Swala ni ibada, hatuilinganishi na mazoezi. Tunasema tu kwamba mpiga kafi, mama anayetwanga na mtu wa Mysore wote wamegundua kitu kimoja: mwili unahama vizuri zaidi ukipewa kipimo.

Pumzi inashika mgongo namna gani

Ndani ya mwili, chini ya mapafu, kuna msuli mpana kama mwavuli unaotenga kifua na tumbo. Waganga wanauita kiwambo, kwa Kifaransa «diaphragme». Unapovuta pumzi kiwambo kinashuka na tumbo linasukumwa nje. Unapotoa pumzi kinapanda, na misuli ya tumbo ikikaza kidogo inakisaidia.

Sasa angalia gunia la unga. Likijaa na kufungwa vizuri, linasimama lenyewe. Likiwa nusu, linapinda. Tumbo letu linafanya kazi karibu hivyo. Juu kuna kiwambo, chini kuna misuli ya nyonga, pande zote kuna misuli ya tumbo. Misuli hiyo yote ikikaza pamoja, tumbo linakuwa gumu na mti wa mgongo unapata kitu cha kuuegemeza. Ikilegea yote, mzigo mzima unaangukia mifupa na ile misuli midogo ya nyuma. Hiyo njo maana maumivu ya kiuno yanakuwa rafiki wa mbeba magunia.

Kutoa pumzi pole pole wakati wa kunyanyua, midomo ikiwa imebanwa kidogo kama mtu anayepuliza moto, kunakaza misuli hiyo bila kufunga koo. Kubana pumzi kabisa nako kunakaza tumbo, tena sana. Wanamichezo wanaonyanyua vyuma vizito wanabana kwa makusudi, mara moja, kwa muda mfupi. Lakini mtu anayenyanyua mara 100 kwa siku hawezi kuishi hivyo. Kila anapobana kwa nguvu, shinikizo la damu linaruka juu, halafu akiachia linashuka ghafula. Kichwa kinazunguka. Kizunguzungu kikikukuta umekaa nyumbani, kitapita. Kikikukuta juu ya ngazi ya shimo, ni jambo lingine. Kwa mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu hatari hiyo inazidi.

Kwa hiyo kipimo cha kila siku ni hiki: kabla ya tendo, vuta pumzi, kwenye uzito, toa, ukishafika, vuta tena. Kwa gunia: inama kwa magoti na nyonga, shika, vuta pumzi, kisha nyanyua huku unatoa. Pumzika nusu ya pumzi likiwa mapajani. Vuta, kisha toa tena linapopanda begani. Watu wa haraka wataona kama ni kupoteza muda. Ni sekunde mbili.

Pumzi haijazi pengo la nguvu

Hapa tunataka kuwa wazi, kwa sababu kuna wanaohubiri kwamba ukijua kupumua utabeba chochote. Hapana. Katika ule mfululizo wa Mysore kuna mahali pagumu kuliko pote: mtu yuko kama ubao, amejishika kwa mikono na vidole vya miguu, halafu anajishusha pole pole bila kuanguka. Hapo pumzi nzuri peke yake haitoshi. Misuli ya mikono, kifua na tumbo inafanya kazi ya breki. Asiye na nguvu hiyo anaanguka kama mzigo, hata kama anapumua vizuri namna gani. Dawa yake ni kuweka magoti chini, kufanya kilicho rahisi, na kuongeza pole pole wiki kwa wiki.

Breki hiyo ndiyo watu wa karie wanaisahau. Tunasifu anayepanda na mzigo, hatumsifu anayeshuka vizuri. Lakini kushuka shimoni, kutua gunia, kuteremka mlima wenye utelezi, yote ni kazi ya breki, na mapaja yaliyochoka hayana breki. Anayetupa gunia chini badala ya kulitua anatikisa mgongo wake kila mara.

Basi pumzi inafaa nini? Pamoja na kushika mgongo, inafanya kazi moja kubwa: inasema ukweli. Mtu anaweza kudanganya wenzake, anaweza kujidanganya mwenyewe, ila pumzi haidanganyi. Ikiwa kwa tendo unalolifanya huwezi tena kutoa pumzi pole pole, ikiwa inakatika vipande-vipande au inajifunga yenyewe, basi nguvu ya tendo hilo imekwisha. Kinachobaki ni kiburi, na kiburi ndicho kinachovunja kiuno. Mpiga kafi mwenye akili anajua: pumzi ikikatika anapunguza mwendo kidogo, anairudisha, kisha anaendelea. PDG wa shimo akitaka kujua kama timu yake imechoka, asiwaulize. Asikilize pumzi zao.

Wamama wa kinu

Anayejua kutwanga anajua mambo haya kuliko sisi. Wamama wawili au watatu kwenye kinu kimoja, michi inapishana bila kugongana, wimbo unaenda. Mchi unapopanda pumzi inaingia, unaposhuka inatoka. Wimbo ndio saa. Wimbo ukikufa, michi inagongana, na mabega yanaanza kuuma.

Kwenye dhahabu, kinu kimekuwa cha chuma na muhogo umekuwa jiwe. Kule Kamituga, Kivu Kusini, wamama wa kazi hii wanaitwa «twangeuses», neno letu lililovalishwa mkia wa Kifaransa. Mwendo ni uleule, pumzi ni ileile. Kilichobadilika ni kile kinachopanda kutoka kinuni. Na hapa elimu ya pumzi inageuka kuwa jambo la uzima na kifo.

Mtu mzima aliyekaa anavuta hewa karibu lita 6 mpaka 8 kwa dakika. Akiwa kwenye kazi nzito anaweza kufika lita 40, lita 60, hata zaidi. Maana yake, mama anayetwanga kwa nguvu anavuta hewa mara nyingi kuliko aliyekaa pembeni, na vumbi linaingia kwa kiasi hicho hicho. Tena mtu aliyechoka anapumua kwa mdomo, na mdomo hauchuji kama pua.

Jiwe jeupe la quartz, ambalo mara nyingi ndilo linalobeba dhahabu, lina silika. Vumbi lake baya si lile tunaloliona limeganda kwenye nyusi. Lile baya ni jembamba mno, chini ya sehemu moja ya mia ya milimita, halionekani kwa jicho. Linashuka mpaka mwisho wa mapafu na kubaki pale. Mapafu yanajaribu kulizungushia kovu, na kovu hilo halivuti hewa. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Unaweza kuchukua miaka kabla ya kuonekana, na hauna dawa ya kuuponya. Tena unafungua mlango kwa kifua kikuu: mwenye silikosisi anapata kifua kikuu kwa urahisi kuliko mwingine.

Kwa hiyo hatuwezi kumwambia mama «vuta pumzi ndefu» bila kumwambia avute hewa gani. Lowesha jiwe kabla ya kulivunja na wakati wa kulitwanga, maji yanashika vumbi. Funika kinu kwa kitambaa kilichotobolewa tundu la mchi. Kaa upande ambao upepo unatokea, vumbi liende mbele yako lisirudi usoni. Kitenge kilichofungwa puani kinazuia vumbi kubwa, lile jembamba linapita. Maski ya kazi iliyoandikwa FFP2, ikibana vizuri usoni, inasaidia zaidi. Nguo za kazi zisiingie nyumbani na vumbi lake. Na mtoto asibebwe mgongoni kwenye kinu cha mawe. Mapafu yake ni madogo na hayakuchagua kazi hiyo.

Shimoni hewa kwanza

Kwa wachimbaji wa chini tunaongeza neno moja. Mazoezi ya pumzi hayaongezi hewa shimoni. Motopompi au jenereta haiingizwi shimoni, wala haiwekwi mdomoni mwa shimo. Moshi wake una gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi. Gesi hiyo inakamata damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni inavyoikamata. Mtu anaumwa kichwa, analegea, anataka kulala, na rafiki anayeshuka mbio kumtoa anabaki naye. Mshumaa unaoendelea kuwaka si alama kwamba gesi hiyo haipo. Mkisikia vichwa vinauma watu wawili kwa wakati mmoja, tokeni wote kwanza, maswali baadaye.

Mfululizo wa jioni

Kwa anayetaka kujaribu, tunatoa huu, rahisi kuliko ule wa Mysore. Ufanyike nje ya vumbi, baada ya kuoga, kabla ya kula. Pumua kwa pua.

Simama, miguu ipane kidogo. Vuta pumzi, mikono ipande juu. Toa pumzi, inama kutoka nyonga, magoti yalegee. Vuta, nyanyua kifua nusu, mikono juu ya magoti, mgongo ulale kama meza. Toa, weka mikono chini kwenye mkeka, rudisha mguu mmoja nyuma, kisha wa pili, magoti yaguse chini. Vuta ukiwa hapo. Toa, jishushe pole pole mpaka tumbo liguse mkeka. Hii ndiyo breki, usiiharakishe. Vuta, nyanyua kifua kidogo, mabega yakae mbali na masikio. Toa, sukuma nyonga juu na nyuma mpaka mwili uwe kama paa la nyumba. Baki hapo pumzi tano. Kisha vuta, tembeza miguu kuja kwenye mikono. Toa, inama. Vuta, simama.

Mara tatu zinatosha wiki ya kwanza. Pumzi ikikatika, usiongeze. Rudi kwenye tendo la nyuma, ingoje. Maumivu yakishuka kutoka kiunoni mpaka mguuni, acha, nenda kwa mganga. Mama mwenye mimba, mwenye shinikizo la damu, aliyefanyiwa operesheni karibuni, waulize kwanza kwenye santé.

Na kuna alama moja ambayo hakuna mfululizo unaoitibu. Mchimbaji au mama wa kinu anayekohoa zaidi ya wiki mbili, anayekonda, anayetoka jasho usiku, ama ambaye kilima alichokuwa anakipanda mwaka jana sasa kinamkatia pumzi katikati, aende kupimwa makohozi. Kifua kikuu kinapona kwa dawa za miezi sita zikinywewa mpaka mwisho. Asingoje msimu wa dhahabu uishe. Na mwenzake wa timu, ambaye anamsikia anapumua kila siku kuliko mke wake anavyomsikia, ndiye wa kwanza kumwambia: ndugu, pumzi yako imebadilika, kesho twende pamoja santé.